Gitaa Lisiloguswa

Kuna watu wanaosema wivu ni mambo ya wapenzi. Watu hao hawajawahi kupiga gitaa la rithim. Mpiga rithim husimama nyuma, karibu na ngoma, mahali ambapo taa hazifiki vizuri, akikwangua mkwaruzo uleule tangu wimbo unapoanza mpaka unapokwisha. Mwenzake wa solo ndiye anayesogea mbele, anafumba macho, anainua shingo ya gitaa juu, na ukumbi mzima unapiga vigelegele. Wa nyuma akikosea, kila mtu anageuka kumtazama. Asipokosea, hakuna anayejua kama yupo. Muweke mtu mwenye roho yake hapo kwa miaka ishirini na kitu, kisha uje unieleze wewe wivu ni nini.

Mtu wetu alikaa hapo mpaka jina lake la kuzaliwa likapotea. Kila mtu alimwita Rithim, hata mkewe. Na aliyesimama mbele yake miaka yote hiyo alikuwa kaka wa huyo mkewe, yaani shemeji yake, naye watu walimwita Solo. Kwa hiyo hata bendi ilipolala, Rithim hakupata nafuu. Kwenye harusi Solo yupo. Kwenye msiba Solo yupo. Akijitupa kwenye kiti nyumbani kwake apumzike, ukutani kuna picha ya harusi yake mwenyewe, na katikati ya picha hiyo, amini usiamini, amesimama Solo.

Lakini donge kubwa lililomkaa Rithim kooni halikuwa sifa. Lilikuwa gitaa.

Lilikuwa gitaa la umeme, la mbao nzima isiyo na tumbo wala tundu, zito kama mtoto aliyelala, jekundu. Rithim ndiye aliyeliona kwanza, enzi hizo wote wawili ni vijana, kwenye dirisha la duka la vyombo vya muziki. Alisimama pale mpaka mwenye duka akatoka kumuuliza kama anaumwa. Kisha akafanya kosa ambalo hakuwahi kujisamehe: alikwenda akamsimulia Solo. Solo alikuwa na pikipiki. Siku chache baadaye hakuwa na pikipiki, na mazoezini alifungua boksi jeusi lenye kitambaa cha manjano ndani, akamshika Rithim begani na kucheka, "Shemeji, una jicho wewe!"

Una jicho wewe. Maneno hayo matatu Rithim alilala nayo, akaamka nayo, akazeeka nayo.

Na Solo, akishalipata, alilichunga kama yai. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata kulikaza uzi mmoja. Rithim alijifunza ufundi wa redio na vikuza sauti, akafungua kibanda chake, na bendi nzima ikawa inamletea vyombo vyake vilivyoharibika. Solo alimletea spika, alimletea nyaya. Gitaa, hata siku moja. "Hili halijawahi kuumwa," alikuwa akisema. Ndivyo gitaa lile lilivyozeeka likiwa vilevile lilivyotoka kiwandani: rangi yake, skrubu zake, nyaya zake za ndani, kila kitu. Rangi ilififia ikawa kama ya tofali, ikabanduka pale mkono ulipokuwa ukiegemea, lakini ilikuwa ni ile ile.

Kisha vidole vya Solo vikaanza kuvimba kwenye viungo. Vikapinda. Mwisho hata kufunga vifungo vya shati ikawa kazi, na habari zikafika kwa Rithim kupitia kwa mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na chakula cha mchana mkononi.

"Kaka anauza gitaa," alisema.

Rithim alikuwa ameinamia redio. Hakuinua kichwa. "Ala? Gitaa gani?"

"Hebu niondolee usanii. Gitaa gani! Masikio yamekusimama kama ya sungura."

"Amepata mnunuzi?"

"Kuna daktari wa meno anakuja kulitazama Jumamosi. Na wewe usianze. Nakujua. Ukisikia jina la kaka yangu unavimba mpaka shati linakubana."

Rithim alikula chakula kile bila kujua ni nini.

Daktari wa meno mwenyewe alifika kibandani kabla ya hiyo Jumamosi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye mikono misafi kupita kiasi, na alikuwa na ugonjwa wake: alikusanya magitaa ya zamani. Hakujua kupiga hata moja. Alisikia kwamba Rithim ni fundi na ni mtu wa karibu wa muuzaji, akaja kuuliza swali moja tu.

"Limewahi kuguswa?"

"Kuguswa vipi, daktari?"

"Kupakwa rangi upya. Kubadilishwa skrubu. Kuchomelewa waya. Mimi nalitaka lilivyozaliwa. Mikwaruzo sijali, vumbi sijali. Ila likishapakwa rangi tu, kwangu limekufa. Sitalitaka hata nikipewa bure."

"Halijaguswa," alisema Rithim. Na alisema kweli. Hata yeye alishangaa ilivyotoka.

Sasa sikiliza mambo yalivyojipanga, maana kuna siku dunia inamwandalia mtu dhambi mezani na kumvutia kiti. Kesho yake Solo akamwita nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kochi, boksi jeusi limefunguliwa miguuni pake, mikono yake miwili imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Shemeji," alisema Solo, "nina mgeni Jumamosi. Mtu mkubwa, daktari. Siwezi kumwonyesha gitaa limechubuka hivi, ataona tumeishiwa. Nataka ulifungue, utoe kila kitu, upeleke mbao kwa yule fundi wa rangi za magari. Lipigwe nyekundu, ling'ae kama siku ya kwanza. Ningefungua mwenyewe, lakini..." Akainua vidole vyake kidogo, akavirudisha.

Rithim alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa hapo hapo kwenye ulimi: daktari hataki rangi. Maneno matatu tu, na yangetosha. Akakifunga.

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani, hakuwa na haja hata ya kusema uongo. Yeye ametumwa, anatii. Gitaa linapigwa rangi. Daktari anakuja, anatazama, anaaga kwa adabu. Solo anabaki na gitaa asiloweza kulipiga wala kuliuza, linamkera machoni, na siku moja anasema, basi shemeji, lichukue wewe. Utamu wa jambo hilo ulimpanda Rithim mpaka mashavuni.

"Sawa, shemeji," alisema. "Niachie mimi."

Akabeba boksi lile barabarani mchana kweupe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na nasema kweli, alitembea kifua mbele kama bwana harusi.

Kibandani alifunga nusu ya mlango, akaondoa redio zote mezani, akatandika taulo. Kabla ya kulifungua, alilipakata. Miaka yote ile ya kumeza mate, na hatimaye lilikuwa limelala kifuani pake! Alilegeza nyuzi taratibu, akazitoa, akalegeza skrubu zinazoshika shingo na kiwiliwili, akaichomoa shingo na kuiinua kwenye mwanga wa mlangoni ili aione kama imenyooka. Hapo ndipo alipoziona freti.

Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni mwa gitaa, ambavyo uzi hukandamizwa juu yake ili utoe sauti inayotakiwa. Chuma hicho ni laini. Mtu akikandamiza mahali pamoja miaka na miaka, uzi hukila, na kinabaki na kishimo. Ni kama kizingiti cha mlango, ukikitazama unajua watu hupita upande gani. Mpiga solo wa bendi yao aliishi kule chini, karibu na kiwiliwili, kwenye sauti nyembamba zinazolia. Huko ndiko freti zilipaswa kuwa zimekwisha.

Huko zilikuwa karibu nzima. Zilizokwisha ni zile za upande wa kichwa. Zimeliwa mpaka zinakaribia mbao.

Upande wa kichwa ni kwa rithim.

Rithim alisogeza shingo ile mpaka puani. Si kwamba zimeliwa tu. Zimeliwa vibaya, kwa namna ambayo hakuna mwalimu anayefundisha. Palipotakiwa vishimo vitatu vya karibu karibu, palikuwa na viwili, halafu pengo, halafu kimoja mbali, pembeni kabisa, pale ambapo ni kidole kidogo tu kinaweza kufika, tena kwa kuruka.

Akatazama mkono wake wa kushoto. Zamani, mwanzoni kabisa mwa bendi, mlango wa gari lao la vyombo ulimbana kidole cha pete. Kilipona, lakini hakikukunjika tena. Ilibidi ajitafutie njia yake ya kushika nyuzi: vidole viwili vinabana, cha pete kinakaa kimesimama kama mlinzi asiye na kazi, kidole kidogo kinaruka juu yake kwenda kuchukua sauti ya mwisho, kinachelewa kidogo tu. Mkwaruzo wake ulitoka ukichechemea. Alikuwa akiuonea aibu. Kwa sababu hiyo hakuwahi kunung'unika alipowekwa nyuma ambako taa hazifiki.

Na Solo, mwenye vidole kumi vizima, vilivyonyooka, vya kumtia mtu kijicho, alikuwa amekaa na gitaa hili nyumbani kwake, mahali ambapo hakuna wa kumwona, akiruka kidole ambacho hakikuwa na haja ya kurukwa. Si mara moja. Chuma hakiliwi kwa mara moja.

Ungetegemea Rithim afurahi, sivyo? Hakufurahi. Alipandwa na hasira. Mwizi! Mbele ya watu anachukua vigelegele vyote, halafu akirudi nyumbani anachukua na hiki kidogo kilichobaki! Na kwa miaka yote hiyo hajasema hata neno moja zuri. Siku Rithim akipiga vizuri kupita kawaida, Solo alikuwa akisema nini? "Leo hukuharibu, shemeji." Hukuharibu!

Alikaa pale mpaka chai ikapoa na wateja wawili wakafukuzwa. Na wivu wake, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukitaka kitu kimoja, ukageuka taratibu ukaanza kutaka kingine. Gitaa? Gitaa lingeweza kwenda. Alichokitaka sasa ni kusikia. Alitaka Solo aseme kwa kinywa chake, mbele ya mtu, alichokuwa akikifanya na freti hizi. Na nani angemuuliza? Kuna mtu mmoja tu anayetazama gitaa la zamani kama anavyotazama meno ya mgonjwa, moja baada ya jingine. Lakini mtu huyo, akikuta rangi mpya, atageuza mlangoni na hatauliza kitu.

Basi Rithim akairudisha shingo mahali pake, kila skrubu kwenye tundu lake, akafunga nyuzi zilezile, na hakwenda kwa fundi wa rangi. Msije mkamsifu kwa wema. Hapakuwa na wema hata chembe.

Jumamosi Rithim na mkewe walifika kwa Solo, mke akija kumsaidia kaka yake kupokea mgeni. Solo alifungua boksi kwa viganja, maana vidole havikukubali, akatazama. Uso ukamshuka.

"Halijapakwa!"

"Halijapakwa," alisema Rithim.

"Shemeji, mgeni yuko njiani! Nilikutuma jambo moja!"

"Daktari analitaka lilivyo. Aliniambia mwenyewe."

"Alikwambia lini? Na mbona hukusema nilipokutuma?" Solo alimkazia macho, na sauti ikashuka. "Unajua ni nini? Ni kijicho. Tangu siku ile ya dukani. Unataka niaibike mbele ya mtu, basi roho yako itulie."

"Kaka!" alisema dada mtu.

"Mwache aseme," alisema Rithim. Jambo la kuudhi ni kwamba Solo hakuwa amekosea sana.

Mgeni akabisha hodi. Daktari wa meno alipoliona gitaa kwenye kile kitambaa cha manjano, alishika mlango. Hakusalimia hata watu. Alipiga magoti pale sakafuni na suruali yake safi, akagusa pale rangi ilipobanduka kwa ncha ya kidole, akasema "loo," akasema tena "loo." Solo alitazama jambo hili bila kuelewa, kisha akamtazama shemejie, kisha akatazama pembeni.

Daktari alitoa tochi ndogo, bila shaka ile ile ya kazini, akaanza ukaguzi. Skrubu. Nyaya. Mgongo. Kichwa. Rithim alikaa kwenye ukingo wa kiti. Tochi ikapanda shingoni, ikasogea, ikasimama.

"Ajabu," alisema daktari. "Mzee, si uliniambia kwenye simu kwamba wewe ulikuwa mpiga solo?"

"Ndiyo," alisema Solo.

"Mbona huku kwa solo ni kama mpya? Na huku kwingine kumeliwa hivi? Tena kwa mpangilio wa ajabu. Nani alikuwa akilipiga?"

Dada mtu aliacha kumimina chai. Rithim alijua angeweza kumwokoa shemejie, aseme chochote, aseme hata ni freti mbovu za kiwandani. Hakumwokoa. Alimtazama tu, kwa njaa, kama mtu anayesubiri sahani yake.

Solo alitazama mikono yake iliyolala mapajani.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa namwiga huyu." Akaonyesha kwa kidevu. "Solo nilipiga kwenye ukumbi tu, ile haikunipa shida. Nyumbani nilikuwa natafuta ule mchechemeo wake. Watu hawakuwa wakinicheza mimi, daktari. Mimi walikuwa wakinitazama. Walikuwa wakimcheza yeye. Akinyamaza, miguu inasimama. Nilimwona kila wiki. Nilikuwa nalala na hasira." Akainua vidole vyake vilivyopinda. "Sikuupata. Mpaka vidole vimenikatalia, sikuupata."

Hayo ndiyo maneno. Yote, na zaidi. Rithim aliyapokea, na akangoja raha ije.

"Naomba niusikie," alisema daktari, naye akamkabidhi gitaa.

Rithim akapiga. Halikuwa na umeme, lilitoa sauti ndogo ya nyuzi na mbao, lakini mkwaruzo ulikuwa ule ule, na dada mtu pale na birika lake akaanza kutikisa bega bila kujijua. Solo alikuwa ameinama mbele mpaka karibu aanguke kutoka kwenye kochi. Hakumtazama usoni. Alitazama mkono wa kushoto.

"Kidole kidogo," alisema ghafla, haraka, kama mtu aliyeogopa mlango usifungwe. "Unakirusha kabla ya kupiga, au ukishapiga?"

Rithim akaacha kupiga. "Sijui."

"Shemeji, tumeshazeeka. Gitaa lenyewe linaondoka. Niambie tu."

"Haki ya Mungu, sijui."

"Bado unanificha," alisema Solo, na macho yake yalijaa.

"Sikufichi! Ngoja, tazama." Rithim aliinamia mkono wake ili amwonyeshe polepole. Vidole viwili, sawa. Cha pete kimesimama. Kidole kidogo... Kidole kidogo kiliyumba, kikashuka mahali sipo. Akarudia. Sauti ikatoka kavu, imenyooka, haina mchechemeo wowote, kama ya mtu anayejifunza. Akarudia tena, ikawa mbaya zaidi.

"Sijawahi kuutazama mkono wangu," alisema mwisho. "Nilikuwa nautazama wako."

Daktari, mtu wa adabu, alisubiri kidogo, kisha akalichukua gitaa kwa mikono miwili, akalilaza kwenye kitambaa cha manjano, akakandamiza vibanio vya boksi kimoja kimoja. Akaahidi kutolibadilisha chochote. Hata freti zile, alisema, atazitunza hivyo hivyo.

Wakiwa njiani kurudi, mkewe alimwangalia kwa jicho la pembeni. "Haya. Umeyasikia uliyotaka kuyasikia. Roho imetulia?"

"Imetulia," alisema Rithim.

Alidanganya. Roho ilimuuma kuliko siku ile ya dukani, ila si kwa ajili ya Solo, wala gitaa lililokuwa likienda kutundikwa ukutani kwa mtu asiyejua kulipiga. Alikuwa akimwonea wivu mtu mwingine. Kulikuwa na mpiga rithim mmoja, hodari, aliyekuwa akiuinua ukumbi mzima kutoka nyuma gizani. Mtu ambaye bingwa alikosa usingizi kwa ajili yake, akamfuata kwa kidole mpaka chuma kikaliwa. Mtu huyo alikuwa na bahati iliyoje! Na Rithim, aliyevaa mashati yake na kuitwa jina lake, hakuwahi kukutana naye hata siku moja.